Pete Iliyoonekana Kwenye Radio

Nilikuwa nafundisha fizikia hapa Butembo, mtaani Kimemi, na kwa miaka mitatu nilikuwa namwambia mchumba wangu kwamba pete yake iko njiani. Mwaka wa tatu nilivuka mipaka: nilimwambia nimeshainunua. Ulikuwa uongo mtupu. Yeye alikuwa mjini Beni, akiwapiga wagonjwa picha za mifupa katika kituo cha afya. Kwetu picha hizo zinaitwa radio.

Siku moja nikasoma habari za wanasayansi wanaochunguza anga, nikapandwa na wazimu wa mwalimu, nikamtumia ujumbe wa sauti: "Chérie, baliona pete kubwa sana ku radio! Basavant benyewe habajue kwenye ilitoka!"

Kesho yake, wakati wa mapumziko, pikipiki ikasimama mbele ya shule. Mchumba wangu akashuka, vumbi mpaka kwenye kope, amebeba mkungu wa ndizi mbivu.

"Kula," akasema. "Kula yote. Itashuka yenyewe."

"Nini itashuka?"

"Pete yangu! Si ulimeza? Ulisema inaonekana ku radio!"

Walimu wenzangu walicheka mpaka mkuu wa shule akatoka ofisini. Mimi nilimvuta darasani, nikakimbilia ubao. Nikachora duara, nikaeleza kwamba radio niliyosema ni mawimbi ya redio huko angani, pete pana kuliko kundi zima la nyota, na kwamba pete za aina hiyo mara nyingi huwa na kundi moja katikati. Labda makundi mawili yaligongana. Labda mashimo meusi mawili yalimezana. Labda nyota nyingi zilizaliwa kwa mpigo, zikapuliza upepo mkali nje. Hao wanasayansi wana mitambo ya kujaza uwanja wa mpira, na jibu lao ni labda! Niliwakejeli kwa nguvu zote, ili tu asiulize lingine.

Alimenya ndizi, akaila polepole akitazama duara langu.

"Mais hiyo pete yabo, hata kama habajue kwenye ilitoka, iko?"

"Iko."

"Baliiona?"

"Baliiona."

"Na yangu?"

Chaki ilikuwa bado mkononi. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tena.

"Labda..." nikaanza.

Akaweka mkungu juu ya meza yangu, akarudi Beni kwa pikipiki ileile. Zile ndizi nilizila wiki nzima, peke yangu, na hakuna pete iliyotoka.