Fundi Sura atafuta kioo kitakachomwonyesha kosa lake

Saa tatu asubuhi duka la kompyuta linafunguliwa, na Fundi Sura tayari yuko mlangoni. Mkononi ana bahasha yenye picha moja. Shingoni ananing'iniza flashi.

"Dada, chukua hiki," muuzaji anamwambia, akiwasha kioo cha kompyuta kinachometameta. "Kinawaka hicho! Kila mtu anakigombania."

"Kwanza niwekee rangi ya kijivu, kioo kizima."

"Kijivu?" Muuzaji anaangua kicheko. "Umekuja kununua kioo au kutazama majivu?"

"Weka tu, kaka. Nipe hayo majivu yangu."

Anaweka. Kijivu kinavuta buluu kwa mbali. Fundi Sura anatikisa kichwa.

Kwa miaka kumi na tisa mama huyu wa watoto watatu amekuwa akifufua picha zilizochakaa, katika chumba kimoja nyuma ya duka la madaftari. Huziba mikwaruzo, hurudisha sikio lililoliwa na mchwa, huirejeshea rangi sura iliyopauka. Hakusomea popote. "Nilijifunza kwa kuharibu," anasema.

Mwezi uliopita seremala mmoja alimletea picha pekee ya marehemu mama yake. Kazi ya fundi aliikataa mara mbili. "Huyu si mama," alisema. "Mama hakuwa mwekundu hivi. Nikimkosa kwako, basi tena."

Ndipo Fundi Sura alipogundua kwamba kioo chake cha zamani kina ubuluu, naye bila kujua alikuwa akiuzima kwa kuongeza wekundu.

Dukani anachomeka flashi. Kioo cha kwanza, cha pili, hadi cha nne: mama wa seremala anapendeza kotekote. Cha tano kimekaa pembeni, kimefifia, kina vumbi. Kijivu chake hakina doa. Anafungua picha, sura imeiva wekundu, sawasawa na ile iliyo ndani ya bahasha, aliyoichapisha na seremala akaikataa.

"Hiki hapa!"

"Lakini dada, hapo picha imeharibika."

"Imeharibika kweli. Ndicho cha kwanza kuniambia."

Bei yake ni mapato ya miezi miwili. Anakibeba mwenyewe.

Siku tatu baadaye seremala anasimama mbele ya picha mpya. Anavua kofia.

"Shikamoo, mama," anaiambia.

Sasa Fundi Sura amepanga kuwaita wateja wake arobaini na wawili aliowafanyia kazi kwenye kioo kile cha zamani, awatengenezee picha zao upya bila malipo. Kati yao hakuna hata mmoja aliyelalamika.

"Labda walidhani wamesahau sura za watu wao," anasema. "Nataka niwaambie hawajasahau."