Siku Niliyopanda Ukweni Kinyumenyume

Chekeni sasa hivi mmalize, maana nikishaanza sipendi kukatizwa, na mkasa wenyewe una kona nyingi. Aibu ni hii: siku niliyokwenda kujitambulisha ukweni, mbele ya watu waliotoka kanisani na nguo zao za Jumapili, niliingia uani kwa mama mkwe kisogo kikitangulia, juu ya guta linalounguruma kama mashine ya kusaga, na mbuzi akinitazama usoni njia nzima kama vile ananidai.

Mnanijua, lakini kwa wasionijua: shule niliiacha darasa la sita, na sikufukuzwa wala sikukosa ada, ila lori la vitunguu liliharibika mbele ya geti, nikatoka kidogo kwenda kuona fundi anavyolifungua, lilipopona nikajikuta nimo ndani yake na tumeshafika Kibaigwa. Tangu hapo nimesaga unga, nimekamua alizeti Singida, nimechimba visima Manyoni, nimefyatua tofali pale Kikuyu mjini, na kila mahali ni hivyohivyo, nikishaelewa kitu kinavyofanya kazi miguu inaanza kuniwasha. Hombolo nilikuja kutengeneza pampu ya kumwagilia zabibu, kazi ya asubuhi moja, na ningeondoka jioni kama dada mmoja aliyekuwa akichuma zabibu pembeni asingeniuliza, "Fundi, kabla maji hayajapanda kwenye bomba, ile hewa iliyokuwamo inakwenda wapi?" Nikafungua mdomo kumjibu, nikaona sina jibu. Nikabaki Hombolo kulitafuta. Huyo ndiye Yunis.

Basi mambo yakakua, nikamtuma mshenga, Mzee Ndahani, jirani yangu, mzee mwenye koti moja na maneno mengi. Baba yake Yunis alishafariki, kwa hiyo mwenye kauli ni mama yake, Mama Eliya, mwanamke mrefu mkimya ambaye magoti yanamsumbua na nyumba yake iko juu kabisa kilimani, wakati kanisa liko chini huku, upande mmoja wa njia, na bwawa upande wa pili (kila Jumapili anashuka vizuri, kupanda ndiyo kesi). Mzee Ndahani alirudi na uso wa mtu aliyenyimwa maji.

"Mama anauliza," akaniambia, "huyo kijana, kuna kitu chochote amewahi kukianza akakifikisha mwisho?"

Nikafikiri. Nikafikiri tena. Mzee akaona nateseka, akaendelea.

"Anasema Jumapili uje na mzigo wako, kwa chombo chako mwenyewe. Usikodi pikipiki wala gari. Anasema mtu wa kuja kwa kukodi, siku ya kumkimbia mwanawe atakodi vilevile. Na usipofika, usimtume mtu tena."

Chombo changu kilikuwa hilo guta: baiskeli ya matairi matatu, moja mbele na mawili nyuma, na nyuma sanduku la mbao la kubebea makreti ya zabibu na madumu ya maji. Kwenye tambarare ni mfalme. Kwenye kile kilima, ukiwa umebeba mzigo, unashuka unasukuma huku ulimi nje, na sikuwa tayari kufika ukweni ulimi nje. Tajiri wa ile pampu alikuwa ameshanunua nyingine, ya zamani akanipa, imepasuka sehemu ya maji lakini injini yake ya petroli nzima kabisa. Mimi nikaiangalia injini, nikaliangalia guta, na usingizi ukaniisha.

Niliifunga chini ya siti. Nguvu niliipitisha kwa mkanda, kama kwenye mashine ya kusaga: puli ndogo kwenye injini, puli kubwa kwenye ekseli ya nyuma, na kipini pembeni yangu, ukikivuta mkanda unabana na guta linaondoka, ukikiachia mkanda unalegea na guta linasimama huku injini ikijiimbia peke yake. Ijumaa nikalijaribu, likaenda mbele kama limeitwa, na watu wa kijiweni pale njia panda wakasimama kuangalia. Side wa bodaboda, ambaye mdomo wake hauna breki kuliko pikipiki yake, akapiga kelele, "Jaribu, bado mabawa tu!" (Jaribu si jina langu, mnaelewa kwa nini wananiita hivyo.) Nikampungia mkono kama kiongozi. Kama ningeishia hapo, leo nisingekuwa na la kusimulia.

Jumamosi mchana Mzee Ndahani akaja kukagua kiti chake, maana yeye ndiye angekaa kwenye sanduku na mbuzi na blanketi na mfuko wa sukari. Nikawasha. Bomba la moshi likamtapikia usoni.

"Sasa mjukuu wangu," akakohoa, "nikifika ukweni nakohoa hivi, nani atasikia ninachosema?"

Nikaona ana haki. Nikafanya uamuzi mdogo, mdogo kabisa: kuigeuza injini, moshi uelekee mbele kwenye miguu yangu mwenyewe. Ilipogeuka, puli yake ikawa upande wa kulia badala ya kushoto, basi nikahamisha na ile kubwa ya kwenye ekseli, nikafunga mkanda upya, ikapendeza kuliko mwanzo. Muda wote huo mzee alikuwa amekaa kwenye ndoo akinifundisha namna ya kuingia ukweni, nami niko chini ya guta na spana mdomoni najibu, "Ndiyo, babu. Ndiyo, babu." Sikusikia hata nusu. Na jambo jingine, sikulijaribu tena. Petroli ilikuwa imebaki kidogo, nikasema naitunzia kilima, na kwa nini nijaribu kitu ambacho jana kilikwenda?

Jumapili, ibada imekwisha, njia panda imejaa (Mama Eliya siku hiyo hakushuka kanisani, alibaki kwake kutungoja). Mzee kwenye sanduku na koti lake, mbuzi pembeni yake, mimi nimevaa shati jeupe na viatu vya kuazima. Side na wenzake wamejipanga. Nikavuta kamba, injini ikaitika, nikavuta kipini, nikakifunga kwa kipande cha tyubu ili mikono ibaki huru kwenye usukani, nikatazama mbele kwa heshima zote.

Guta likaenda nyuma.

Lilikwenda kwa nguvu, tena pedali zikaanza kuzunguka zenyewe kinyume, zikanipiga ugoko wa kulia, zikanipiga wa kushoto, nikainua miguu yote juu kama mtu anayevuka tope, mama mmoja wa maandazi akaruka na beseni lake, mzee anapiga kelele, mbuzi anapiga kelele, mpaka nikafanikiwa kuifungua ile tyubu na tukasimama mlangoni pa kinyozi. (Ukitaka kuelewa nilichokosea, shika sahani, izungushe kama usukani, halafu muulize aliyekaa mbele yako yeye anaiona ikizunguka upande gani. Injini ukiigeuza ni hivyohivyo. Mimi niliyekaa na mashine za kusaga maisha yangu yote!)

Kicheko kilichopigwa pale sijawahi kukisikia tena. Side alikuwa ameshika tumbo.

"Jaribu! Hebu tuambie, unakwenda au unarudi?"

"Njoo nikupandishe, bwana," mwenzake akasema, "mama mkwe hatajua."

Nilibaki nimekaa. Kuifungua injini na kuigeuza tena, jua lingezama. Kupiga pedali na mzee na mbuzi kupanda kile kilima, labda Krismasi. Kukodi pikipiki, basi nimejibu swali la Mama Eliya kwa mdomo wangu mwenyewe. Nikamwangalia mzee nikitegemea ananionea huruma, kumbe ana hasira.

"Wakwe hawacheleweshwi," akasema. "Hiki chombo kina nguvu au hakina?"

"Kinayo, babu. Ila inakwenda upande mbaya."

"Kilima kinajua upande?"

Mnaona wazee! Niliteremka, nikalishika guta, nikaligeuza palepale, mkia ukaelekea kilimani na usukani ukaelekea bondeni. Mzee akageuka kwenye sanduku akatazama juu, akawa yeye ndiye dereva wa macho na mimi wa mikono. Nikapandisha miguu juu ya fremu, nikavuta kipini, nikafunga tyubu mafundo mawili. Tukaondoka.

Na likapanda! Jamani, lilipanda. Pale penye mawe ambapo kila siku nashuka kusukuma, lilipita likinguruma kama halikubeba kitu, nami moyoni nikashangilia peke yangu, maana hesabu yangu ya puli ilikuwa sawa, nguvu ilikuwa sawa, kila kitu sawa isipokuwa uelekeo. Shida ilikuwa kuliongoza. Mzee alipiga kelele "Kushoto!" nikakata kushoto kwangu, kumbe ni kushoto kwake, tukaingia kwenye shamba la mtama la mtu na kutoka upande wa pili na mabua kwenye spoki za magurudumu.

"Nimesema kushoto!"

"Kushoto kwa nani, babu?"

Akaanza kuniongoza kwa vitu visivyogeuka. "Upande wa bwawa! Haya, upande wa kanisa. Kanisa! Kanisa! Bwawa kidogo. Hapohapo." Tukanyooka kama reli.

Lakini fikirini kikao changu. Mtu mwingine akiaibika, anakimbia na aibu inabaki nyuma yake. Mimi nilikuwa nimeikalia nikiitazama. Njia panda yote ilitufuata, nao mbele ya macho yangu, uso kwa uso, kwaya nzima na sare zao, Side juu ya pikipiki yake akija taratibu karibu na gurudumu langu huku ananihoji kama mtangazaji wa redio: "Tuko hapa na mheshimiwa ambaye anatoka asikokwenda..." Sikuwa na pa kuweka uso. Nikiutoa kwa Side nakutana na mbuzi, aliyekuwa amenyoosha shingo kutoka kwenye sanduku mpaka ubavuni kwangu na kunitazama bila kupepesa. Nikachagua mbuzi.

Tulipofika juu nikasikia mzee anasema, "Mlango huo, bwawa kidogo, nyooka, sasa simama." Nikavuta tyubu. Mafundo mawili, na joto la injini, mpira umeshikana. "Simama!" Navuta. "Simama, wakwe hao!" Tukapita mlango wa uzio, nikaona kuku wakitawanyika kulia na kushoto, nikaona kwa pembeni wajomba wa Yunis wakiinuka kwenye viti, halafu tukaegemea lundo la mabua kwa nyuma, pwaa, mkanda ukachomoka wenyewe na injini ikazimika.

Nilijua wako nyuma yangu. Nilijua Mama Eliya yuko nyuma yangu, karibu, nilisikia anavyohema. Sikugeuka. Sikuweza, nilikuwa nimeshika uso kwa viganja vyote viwili, nasema moyoni, Manyoni wana visima bado, kesho naondoka.

"Mbukwenyi," mzee akasalimia kutoka kwenye mabua, kwa sauti ya mtu aliyefika vizuri.

Akaitikiwa. Halafu nikasikia sauti ya mama, nzito, taratibu.

"Mshenga. Nani amemfunda huyu kijana?"

"Mimi mwenyewe, mama."

"Vijana wa siku hizi," akasema, "wanakuja hapa wamenitolea macho, wananipa mkono kana kwamba mimi ni rafiki yao wa shule. Huyu amenipa mgongo toka barabarani. Hata sasa amefunika uso. Mimi nilifikiri heshima hiyo imekufa na baba zetu."

Na akapiga kigelegele. Mwanamke mkimya yule! Wanawake wa kwaya walioongozana kunicheka wakapokea, ua wote ukalia, nikachungulia kati ya vidole nikamwona Side pale mlangoni anazima pikipiki yake na kuvua kofia.

Ndipo nilipokumbuka vipandevipande vya jana kutoka chini ya guta: mkwe, macho, mgongo. Hayo ndiyo mzee alikuwa akinifundisha! Na mimi nilikuwa nimepanga kuingia kifua mbele, nimtazame mama machoni, nimpe mkono kwa nguvu kama mwanamume wa mjini. Ingekuwa imekwisha hapo.

Mmoja wa wajomba hakuridhika. "Dada, huyu amekosea gari lake, mimi nimeona. Halikuwa likienda mbele."

"Amefika au hajafika?" akauliza Mama Eliya.

"Amefika, lakini..."

"Kwa chombo chake?"

Mjomba akakaa. Nyuma ya mlango wa jikoni nilimsikia Yunis akicheka mpaka anakosa pumzi, na jioni ile aliponisindikiza mpaka kwenye uzio swali lake la kwanza lilikuwa, "Sasa uligeuza injini tu, au na puli?" Nikajua nimepata mke.

Siku hizi injini inatazama inakotakiwa, na bomba la moshi nimeliongezea kipande kinachopeleka moshi chini. Kila Jumapili baada ya ibada nalisubirisha guta nje ya kanisa, Mama Eliya anapanda kwenye sanduku na mto wake, anatazama bwawa, mimi natazama kilima, mgongo kwa mgongo, na hapo, bila kuvunja adabu ya mtu yeyote, tunaongea njia nzima. Ananisimulia mambo ya zamani, namweleza hewa ya kwenye bomba inakwenda wapi. Magoti anasema yanampenda sana mkwe wake.

Ila nimeapa: injini niliyoigusa, hata kama nimeipangusa vumbi tu, sitaipeleka mbele za watu kabla sijaijaribu. Na mtu mzima akikaa kwenye ndoo kunifundisha jambo, natoa kwanza spana mdomoni.