Furushi Nyuma ya Mlango

Pelagia wa Kitanga hakuogopa nyoka wa shambani wala radi. Aliogopa saikolojia, somo alilokuwa akisoma binti yake Claudine chuoni. Shemeji yake Bazilio ndiye aliyemfafanulia.

"Ni masomo ya vichaa, shemeji. Ukikaa nao sana, na wewe unabeba ukichaa wako. Mhamishie uuguzi kabla likizo haijaisha."

Basi likizo nzima Pelagia akawa anamchunguza binti: anakulaje, analalaje, anacheka na nani. Hakuona kasoro, ila daftari moja la bluu lisilobanduka mkononi mwake. Jumamosi Claudine alilisahau akaenda kuteka maji. Mama akalifungua, kidole kikifuata maneno.

"Saa tatu. Lori limepita. Mama ameacha kupepeta maharage. Amegusa furushi nyuma ya mlango. Lori limeishia, ameketi."

"Saa nane. Lori. Mama ametuita wote kwa majina."

Claudine aliporudi hakupewa hata nafasi ya kutua ndoo.

"Kumbe mimi ndiye kichaa wako wa mtihani!"

"Mawe," Claudine akamwita mama kwa Kirundi, "nionyeshe nilipoandika kichaa."

Pelagia akafunua kurasa, mbele na nyuma. Neno hilo halikuwepo. Hata neno hofu halikuwepo.

"Mwalimu anasema somo linaanzia hapo," Claudine alisema. "Mtu mzima na akili zake, nyumbani kwake. Unaandika ulichokiona, si unachodhani. Sababu anayo mwenyewe, unamwuliza."

"Mbona hujaniuliza?"

"Naogopa utalia."

Pelagia akaketi. Furushi lile lilikuwa na shuka mbili, sufuria na kadi za kliniki za watoto. Alilifunga mwaka ule kambi ya wakimbizi ya Mtabila ilipofungwa, lori likamrudisha mama yake Burundi. Yeye, kwa kuwa aliolewa na Muha wa Kitanga, alibaki, lakini moyo haukukubali kwamba lori halitamrudia. Miaka yote hiyo watu walifagia kulizunguka furushi, hakuna aliyeuliza.

"Umeruka kitu," akasema hatimaye.

"Kipi, Mawe?"

"Si malori tu. Hata mbwa wa jirani wakibweka kwa pamoja, nalishika. Andika, mwana wanje, mwanangu. Halafu uniulize."

Alilia, ndiyo, na maharage jikoni yakaungua.

Jumatatu Bazilio aliwakuta barabarani wakingoja pikipiki, begi la chuo likiwa kichwani kwa mama.

"Kwani hukumhamisha?"

"Atahamaje, shemeji? Hajamaliza kuniuliza."