Utoro wa Msimu wa Senene

Afande aliyetufundisha mgambo alikuwa mtu wa mikoa ya kati, mrefu, mwenye sauti ya kuamsha kijiji kizima, na neno alilolipenda kuliko yote lilikuwa "utoro". Alilifafanua kila asubuhi: kukosekana kikosini bila ruhusa ya mkuu wako ni utoro. Ukienda msalani bila kuaga, utoro. Ukienda kumzika shangazi yako bila kuaga, utoro. Mmoja wetu aliuliza kama kufa bila kuaga nako ni utoro, akazungushwa uwanja mara kumi.

Ilikuwa miaka ya Ujamaa, na kila mwenye nguvu kijijini kwetu, upande wa Muleba, alitakiwa ajue kwata. Mimi nilikuwa mgeni pale. Nilikuwa na miezi minne tu tangu niolewe kutoka Kashozi, kwa mpango wa wazazi, na mume wangu alikuwa safu ya nyuma kwenye kikosi hicho hicho. Alikuwa mkimya kupita kiasi. Nyumbani aliongea na mbuzi kuliko alivyoongea na mimi, nami sikujua kama ananipenda au ananivumilia. Jambo hilo liliniuma, sitaficha.

Kwetu Buhaya senene, wale panzi wa kuliwa, wakianguka, mke huwakusanya akampa mumewe, naye mume humshukuru kwa nguo. Kwa mugole, yaani bibi harusi, msimu wa kwanza ni mtihani, na wasahihishaji ni kijiji kizima. Mama mkwe alikuwa amenisukia kikapu kipya akanikabidhi bila maelezo. Tangu mvua zianze nilikuwa nakibeba hadi kwata, kama wanawake wenzangu na vyao, nikimdanganya afande kuwa ni cha viazi vya mchana.

Wakaanguka asubuhi, tumesimama gwarideni. Nyasi za nyuma ya uwanja zilianza kurukaruka. Wanawake tulikuwa saba. Nani alianza kuondoka? Wenzangu wanasema ni mimi, na mimi nasema ni waongo. Tulilaza bunduki zetu za mbao chini vizuri, maana adabu tulikuwa nayo, tukatimua mbio.

Tuliporudi vikapu vimejaa, afande alikuwa anatusubiri kwa hasira.

"Utoro! Watu saba kwa mpigo! Hao wadudu ni kielelezo. Kila mmoja aje anikabidhi mimi, mkononi!"

Wanaume wote wakaangua kicheko.

"Afande, andaa kanga saba!" mzee wa safu ya mbele akapaza sauti. "Leo unaoa!"

Afande hakuelewa, na kutoelewa kukamzidishia hasira. Akanigeukia mimi, niliyekuwa karibu naye.

"Lete."

"Siwezi, afande. Hawa hupewa mume."

"Mume wako yuko wapi?"

Kumwonyesha kwa kidole kungemtia kwenye adhabu yangu. Zaidi ya hapo, niliogopa nikimtazama atainamisha macho, na mbele ya kijiji kizima nijue kwamba nilikuwa navumiliwa tu. Nilikumbatia kikapu changu, machozi yakinilenga.

Kisha nikasikia hatua zikitoka nyuma, bila haraka. Mume wangu alikuja akasimama kati yangu na afande.

"Nani amekuruhusu kutoka kwenye safu?"

"Hakuna, afande," akasema. "Nimetoroka."

Akanigeukia akanyoosha mikono yote miwili, kama apokeavyo mtu mwenye heshima zake. Nikampa kikapu. Wanawake walipiga vigelegele mpaka afande akaziba masikio.

Wenzangu sita walikimbizwa uwanjani wakasamehewa. Sisi wawili, kwa ukaidi, tulipewa kufyeka nyasi kuzunguka uwanja kwa siku tatu. Siku ya kwanza mume wangu aliniambia maneno mengi kuliko ya miezi minne yote, mengine hayawahusu. Siku ya pili nilimchekesha hadi akaangusha fyekeo. Siku ya tatu tulifyeka polepole, makusudi, tukibakiza nyasi.