Ukuta Uliopinda wa Darasa la Tano

Nilirudi Pemba kutoka chuo kikuu cha bara nikiwa na sanduku la vitabu, tai mbili, na tabia ya kuuliza "kwa nini" kabla mtu hajamaliza kusema. Mama alifurahi kwa wiki moja. Wiki ya pili aliniomba, kwa upole, nisimwulize tena imamu kwa nini hotuba ya Ijumaa inafanana na ya mwaka jana.

Mjomba wangu alikuwa na skuli yake mwenyewe juu ya kilima, nje kidogo ya Mkoani. Vyumba vinne vya mawe na udongo, paa la makuti, darasa la kwanza mpaka la nne. Haikuwa ya serikali wala ya chama, ingawa miaka ile ya siasa hata kisima kiliulizwa ni cha chama gani. Mdogo wangu wa kike alikuwa darasa la nne, na baba alikwisha kata shauri: mjomba akipata chumba cha tano, mtoto ataendelea, asipokipata, atakaa nyumbani asuke ukili wa mikeka kama wenziwe. Skuli ya serikali ya wasichana ilikuwa mbali, na baba hakutaka kusikia habari za bweni.

Serikali nayo ilikuwa na kanuni yake: skuli ya mtu binafsi haiongezi chumba bila kibali. Mjomba aliomba, akajibiwa kwa mistari miwili kwamba hajathibitisha kuwa kiwanja ni chake. Mtu mwenye akili angekwenda kwa sheha wa mtaa na wazee wawili wanaokijua kiwanja, wakatia saini, yakaisha. Mimi nilikuwa na elimu.

"Hii ni rufaa," nikamwambia mjomba. "Niachie mimi."

"Kwani ulisoma sheria?"

"Historia. Lakini nilihudhuria mihadhara ya sheria."

"Mingapi?"

"Ya kutosha."

Ilikuwa minne, na mmoja nilisinzia.

Niliandika kurasa tisa. Nilihoji mamlaka ya ofisa aliyekataa, nikauliza kama kanuni yenyewe ilitungwa kihalali. Katika ukurasa wa saba niliandika sentensi niliyoipenda kuliko zote: kwamba kiwanja ni mali ya skuli, pamoja na kila kilichojengwa na kilichoota juu yake. Ndivyo mhadhiri alivyotufundisha, mwenye ardhi ndiye mwenye kilicho juu yake. Niliipigia mstari.

Sasa, mtoto yeyote wa Pemba, hata asiyejua alifu, anajua kwamba ardhi inaweza kuwa ya huyu na mti ukawa wa yule. Watu hurithi mikarafuu mitatu katika shamba ambalo hawana hata shubiri ya udongo. Babu yangu mwenyewe alikuwa na minazi miwili nyuma ya nyumba ya watu, na madafu yake nimeyanywa sana. Mihadhara minne ilitosha kunisahaulisha.

Maombi kama yale sheha huyasoma hadharani baada ya sala ya Ijumaa, ili mwenye pingamizi aseme. Kurasa sita za kwanza aliziruka. "Haya maneno ya bara," alisema. Lakini ukurasa wa saba, kwa kuwa ulikuwa na mstari, aliusoma wote, polepole. Watu wakageuka kunitazama. Nilidhani wamevutiwa.

Wali wa mchana haujapakuliwa, Bi Mkubwa akawa uani kwetu. Alikuwa mjane, jirani wa skuli, na mkarafuu wake mmoja ulisimama pale pale mjomba alipotaka kujenga.

"Shikamoo, Bi Mkubwa."

Hakuitikia. "Nasikia mkarafuu wangu umeota kwenye karatasi yako."

"Ile ni lugha ya kisheria tu, Bi Mkubwa."

"Mjomba wako alinijia kwa adabu. Nkamwambia, msimu uno nkishachuma, ukate, usomeshe watoto. Nlimpa! We umekuja kuninyang'anya kitu nilichokwisha toa."

Mjomba hakuwa ameniambia. Wala sikuwa nimemwuliza, mimi niliyekuwa nauliza kila kitu.

Bi Mkubwa alipeleka pingamizi kwa Mudir, ofisa wa serikali pale Mkoani, nasi tukaitwa. Nilivaa tai.

"Wewe mtu wa wapi?" Mudir aliniuliza.

"Wa hapa hapa, bwana."

"Wa hapa?" Alimtazama karani wake. "Na mkarafuu wa nani?"

"Kwa mujibu wa kanuni ya—"

"Yakhe, nimekuuliza wa nani."

"Wa Bi Mkubwa."

"Haya, futa."

Nikafuta kwa kalamu yangu mwenyewe, juu ya mstari wangu mwenyewe. Lakini Mudir alisema pingamizi likiwapo ombi halitoki mezani kwake, na maombi ya mwaka ujao yanafungwa mwisho wa wiki. Bi Mkubwa alijifunga buibui vizuri akaondoka.

Jioni mdogo wangu aliacha kula. "Kwa hiyo kaka, mie nitasuka ukili kwa ajili ya ukurasa wa saba?"

Mjomba hakunilaumu. Alisema tu, "Msimu umeiva. Nenda ukamchumie."

Nilichuma siku tatu. Siku ya kwanza nilivunja tawi, na tawi la mkarafuu kwetu ni kama mkono wa mtu. Chini, Bi Mkubwa na mdogo wangu walikaa kwenye jamvi wakichambua karafuu kutoka kwenye makonyo yake.

"Huko chuoni hawafundishi kushika tawi?" Bi Mkubwa alipiga kelele.

"Labda wanafundisha darasa la tano, Bi," mdogo wangu akasema. "Mie sitajua."

Bi Mkubwa aliacha kuchambua, akamgeukia mtoto. Siku ya tatu, niliposhuka nimechanika suruali, nilimwamkia tena.

"Marahaba," alisema. "Kesho nitaliondosha pingamizi. Lakini mti haukatwi. Nishautoa mara moja ukadaiwa kwa karatasi. Sitoi mara ya pili. Ukuta wenu na uupishe."

Kibali kilitoka. Watu walikuja kwa msaragambo, bila malipo, wakapiga udongo, na ukuta ulipofika kwenye mkarafuu ukapinda, ukauzunguka, ukaendelea. Mdogo wangu aliwekwa kwenye kona ile, mahali ambapo nusu ya ubao haionekani, na kila jioni alikuja kunidai ile nusu nyingine, nami nikamsomesha.

Mwaka uliofuata alikuja mkaguzi. Akautazama ukuta, akarudi nyuma, akautazama tena, kisha akauliza fundi gani ameujenga vile.

Mjomba wangu hakuwa mtu wa kusema uongo. Alininyooshea kidole. "Mwulize huyu," alisema. "Kausomea."