Mgonjwa Kidogo

Chama chetu hapa Palma kinawasaidia mabaharia wa meli zinazotia nanga kwa ajili ya kazi za gesi, watu wa mbali ambao hukaa miezi bila kukanyaga nchi kavu. Ofisi yake ni chumba cha mbele cha nyumba yangu: viti vinne vya plastiki, boksi la sabuni na soksi, na intaneti, ambayo ndiyo hasa wanayoifuata. Mimi ndiye msimamizi. Nilipewa koti la njano lenye maandishi mgongoni, nikalivaa hata kwenda kununua samaki, mpaka mke wangu akaniuliza kama samaki nao ni mabaharia.

Asubuhi moja ofisi yetu kubwa ilipiga simu. Mpishi wa boti moja ya kuvutia meli, Mwindonesia, alikuwa amefiwa na mama yake. Ndugu zake waliomba asiambiwe kwa simu. Apatikane mtu wa kukaa naye, amwambie uso kwa uso. Wangezika baada ya alasiri ya kwao, ambayo kwetu ni saa nne na kitu, na walitaka amwone mama yake kwenye simu kabla hajafunikwa. Nahodha angemleta ufukweni saa tatu bila kumwambia sababu. Je, ningeweza?

Nilikaribia kucheka. Habari za msiba ndiyo kazi yangu. Nimezipeleka Quionga kwa pikipiki, nimezipeleka Macaloe kwa boti, na sijawahi kutamka kwamba mtu amekufa. Kwetu halitamkwi hilo. Unafika, unasalimia kwa utulivu, unasema, "Mama ni mgonjwa kidogo, twende." Mtu wa kwetu akisikia hivyo amekwisha kuelewa, anainuka kutafuta viatu vyake, na wewe hujamjeruhi kwa mdomo wako. Nikamjibu yule wa ofisini kwamba amempata mtu mwenyewe.

Mpishi alikuwa mtu mzima mpole, mikono yake ina makovu ya mafuta ya moto. Nilimkalisha, nikampa chai na vitumbua, nikavuta pumzi. Kwa Kiingereza changu nilichokiokota Mtwara miaka ya vita tulipokimbilia huko, nikamwambia mama yake ni mgonjwa kidogo.

Akashusha mabega. "Alhamdulillahi," akasema. "Waliponiita nilifikiri amekufa."

Hapo hapo ilinipasa kusema. Badala yake nilimwongezea kitumbua. Nikaona labda sikutia uzito wa kutosha, nikamwambia kwamba nyumbani kwao watu wamejaa. Mtu yeyote wa pwani hii angeangua kilio. Yeye akatabasamu, akasema mama yake anapenda wageni, bila shaka amefurahi. Nikasema hata ndugu wa mbali wamefika. Akasema vizuri, watamsaidia kupika.

Ilikuwa saa nne kasorobo. Jasho lilinitoka ndani ya koti langu. Nilijiambia ninafuata mila, lakini kusema kweli nilikuwa ninaogopa, na mila ilinifaa kujifichia. Yeye akaomba intaneti, akamrekodia mama yake ujumbe wa sauti. Sikuelewa maneno, ila nilijua anamtania, maana katikati alicheka mwenyewe. Baada ya muda akanigeuzia simu nione zile alama mbili zimekuwa za buluu.

"Amesikiliza," akasema.

Nikatoka kwenda uani, ambako mke wangu alikuwa akikuna nazi.

"Ushamwambia?" akauliza.

"Nimemwambia."

"Mbona namsikia anacheka?"

"Nimemwambia mama mgonjwa kidogo."

Akainuka kwenye mbuzi, akajifuta mikono kwa kanga. "Baba watoto, yule kazaliwa Palma?"

Akaingia ndani, akavuta kiti, akakaa mbele yake. Mke wangu alipika miaka miwili kambini kwa wageni wa gesi, na Kiingereza chake hakina mapambo. Alimwambia mama yake amekufa leo, nyumbani wanamngoja amwone, na kwamba yeye mwenyewe hataondoka hapo mbele yake. Basi. Maneno yaliyonishinda saa nzima aliyamaliza kwa pumzi moja.

Mpishi alilia kwa sauti ambayo bado ninaisikia. Kisha akapiga simu, na dada yake akaelekeza kamera kwa mama. Nikajitolea kumshikia simu, lakini nikageuza uso na simu ikageuka nami, ikabidi mke wangu aichukue. Dada akawa anaeleza jambo kwa muda mrefu. Mpishi alinitafsiria bila kuniangalia: ule ujumbe wa sauti aliufungua dada kwenye simu ya mama, akasikia ndugu yake anacheka, akajua hajaambiwa. Hata hivyo alimwekea mama sikioni mpaka ukaisha.

Saa sita nilimsindikiza ufukweni. Njia nzima nilitafuta la kusema, nikaishia kumpa jozi mbili za soksi. Alizipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akapanda boti.

"Baba yangu yuko hai bado," akasema. "Siku ikija habari yake, usije wewe. Mtume mkeo."

Hakusema kwa hasira. Nikamwahidi kwamba nitamtuma.