Mzinga Uliojiendesha Wenyewe

Baba alirudi kutoka vitani akinuka grisi. Mama alimchemshia maji, akamsugua, akafua ile suruali ya kaki mara tatu, lakini harufu ikabaki palepale shingoni na viganjani. Nyumba yetu huku juu Mbulu ilikuwa tembe lililochimbwa ndani ya kilima, paa la udongo, moshi wa kuni na mkojo wa ndama. Miezi ile nikifumba macho nilinusa chuma tu. Nilikuwa na miaka kama minane. Shule nimesoma madarasa mawili, kwa hiyo nitasema nilivyoona. Anayetaka mapambo akatafute kwingine.

Baba alikuwa Burma, katika jeshi la Mwingereza. Mizinga mingine, alisema, ilivutwa na malori. Wa kwao ulijiendesha wenyewe: gari la chuma lenye minyororo badala ya magurudumu, wazi juu kama karai, mdomo wa mzinga umechomoza mbele. Ulipita kwenye matope ambayo punda angekataa, ukapiga, ukahama kabla adui hajajua mlio umetoka wapi. Wazungu ndio waliolenga. Baba alishusha makombora kwenye lori na kuwakabidhi mkononi, moja baada ya jingine, kutwa. Sikio lake la kushoto lilibaki hukohuko.

Kwetu Wairaqw, mtu aliyemwaga damu ya mtu harudi tu akakaa na wenzake. Wazee humuuliza, na akikiri, nyumba yake hufungwa mpaka itakaswe: hakuna kuazimana moto, hakuna kuteka maji pamoja, hakuna jirani kuvuka ua. Tunaita metimani. Kwa baba walisitasita karibu mwaka mzima, na walipokuja kumuuliza mama alikuwa na mimba ya miezi minane. Nyumba ikifungwa, wanawake wa kumzalisha hawatakuja.

"Baba Maria, sema hukuua," mama alimwambia asubuhi ile. Maria ndiye mimi. "Hukumwona hata mmoja."

"Sijui," baba alisema.

"Basi hiyo sijui yako iseme kama mtu anayekataa."

Wazee wanne walikaa uani. Mkubwa wao akasogea upande wa sikio zima.

"Uliua?"

"Nilibeba makombora. Yalivuka kilima. Upande wa pili sikufika."

"Wangapi?"

"Sijui, mzee."

"Hata ng'ombe akiingia shambani tunajua kala mashina mangapi," mzee mmoja alisema, na wenzake wakacheka kidogo.

Baba hakucheka. "Hatukuyapiga ili yaanguke bure," alisema.

Hapo wazee wakakwama. Aliyeua kwa mkuki anamjua aliyemchoma, na wao wanajua la kufanya. Kwa mzinga unaotembea na kuua ng'ambo ya kilima hawakuwa na kipimo. Wakachukua kifungo kirefu kuliko vyote, wakatufunga mwaka mzima.

Mwezi uliofuata mama alishikwa na uchungu mchana, mvua inanyesha. Nilimshika mgongo kama alivyonielekeza. Jirani yetu Mama Bura, aliyenizalisha mimi, alisimama nje ya ua akipaza sauti: "Maria, kinachotangulia ni kichwa?" Nikamjibu ni mguu. Akaniambia nisivute. Baadaye akauliza, "Analia?" Nikasema hapana. Akaketi palepale kwenye matope. Hakuvuka.

Sikulia na mimi. Baba alichimba, akafukia. Mama aliendelea kumpikia, akamwekea chakula mbele yake, na hakumsemesha neno mpaka mahindi yakakomaa.

Leo mjukuu wangu ni mkunga huko Dongobesh, na najivuna naye mpaka majirani wamechoka kunisikia. Anampokea kila mama anayefika, hamuulizi mumewe alifanya nini. Kwenye simu yake nimeona vita vya siku hizi: magari yaleyale ya minyororo, yanapiga, yanahama. Waliobeba makombora watarudi kwao, na sidhani kama kuna mzee atakayewauliza kitu. Sijui lipi ni afadhali. Watu wa hapa bado wanamsifu baba kwamba alikuwa mtu wa kweli, na ni kweli alikuwa. Njia ya mwongo ni fupi, tulifundishwa. Ya uongo wa mama ilitakiwa ifike kwa Mama Bura tu.

"Bibi, ungekuwa wewe ungewajibuje?" mjukuu aliniuliza juzi.

Nikamwambia ningesema sikuua, tena kabla hawajakaa.